Nilihama Kazi Mara Tatu Nikiwa Mtu Yule Yule

Katika kipindi cha miaka saba niliacha kazi tatu, na kila mara niliondoka nikiamini kwamba tatizo nimelipa kisogo. Nilipoketi kuandika barua ya nne ya kujiuzulu, nilizitafuta nakala za zile za awali ili nifuate mpangilio wake, nikajikuta nazisoma kana kwamba ni habari za mtu mwingine. Wasimamizi walikuwa tofauti na majukumu yalikuwa tofauti, lakini lawama ilikuwa moja: mchango wangu hauthaminiwi.

Jambo ambalo barua hizo hazikulisema ni kwamba kote nilikopita nilikuwa nikiificha kazi yangu hadi saa ya mwisho, kwa sababu niliogopa kusahihishwa. Ripoti ambayo ningeweza kuionyesha Jumatatu ikiwa rasimu, niliiwasilisha Ijumaa jioni ikiwa imekamilika, wakati hakuna mwenye nafasi ya kuisoma kwa makini, kisha nikanung'unika kwamba haikusomwa.

Nakiri kwamba zipo sehemu za kazi ambazo mtu hana budi kuzikimbia. Mshahara usiolipwa, matusi na unyanyasaji haviponi kwa kujichunguza, na anayemwambia mtu aliyeonewa kwamba aanze kubadilika ndani anamwongezea mzigo tu. Ninachokizungumzia ni lile lalamiko linalokufuata kila unakohamia. Ukitaka kulitambua, andika sababu zilizokufanya uondoke kila mahali, ziweke pamoja, halafu jiulize wewe mwenyewe ulikuwa ukifanya nini katika wiki zilizotangulia uamuzi huo. Swali hilo la mwisho lilinichukua siku kadhaa kulijibu kwa ukweli, maana majibu ya mwanzo yote yalikuwa ya kujitetea.

Hata baada ya kuitambua hofu yangu nilikosea njia. Nilianza kuonyesha rasimu mapema kwa tamaa ya kupandishwa cheo, na nilipokipata cheo hicho nikarudi kwenye maficho yangu. Baadaye nilisoma majaribio ya mwanasaikolojia Edward Deci, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1971, ambamo wanafunzi waliolipwa kwa kutatua mafumbo waliyoyafurahia walipungukiwa na hamu ya kuendelea nayo malipo yalipoondolewa. Nilijiona humo. Nilikuwa nimebadilisha mwenendo kwa ajili ya kitu kilicho nje yangu, na kilipokoma kunivuta, mwenendo nao ukakoma. Kilichonisaidia safari ya pili ni kukubali kwamba nilitaka kuwa mtu anayeijua kazi yake vizuri, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukwepa kusahihishwa.

Kwa hiyo nilimwomba mwenzangu mmoja asome kila Jumanne chochote nilichokuwa nacho, hata kama ni nusu ukurasa. Wiki ya tatu nilitaka kuacha, nikidhani kwamba badiliko la kweli lingekuwa limekwisha kuwa jepesi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia ndogondogo za kila siku, na ulikadiria kwamba kwa kawaida tabia huchukua takriban siku 66 kuota mizizi, kukiwa na tofauti kubwa ya kuanzia siku 18 hadi 254. Mimi nilikuwa nikiifanya mara moja tu kwa wiki, kwa hiyo sikuwa na haki ya kukata tamaa upesi hivyo.

Barua ya nne sikuiwasilisha. Nilikuja kuhama mwaka mmoja na nusu baadaye, nikifuata ujuzi niliotaka kujifunza, na barua niliyoandika safari hiyo ilikuwa na mistari minne tu. Kabla ya kuipeleka, nilimpa yule mwenzangu wa Jumanne aisome.