Jibu: Insha yangu ya dystopia inaishia "mwandishi anachukia teknolojia", nifanyeje?

Mkuu salama. Nimekusoma, insha yako ni ya dystopia (hadithi za jamii ya kubuni iliyoharibika), na kila aya yako inaishia kusema mwandishi anachukia mashine na mwalimu kakurudishia. Hata mimi nilirudishiwa hivyohivyo, kumbe nilikuwa nakodolea macho mashine badala ya swichi.

Anza na hilo, nani anaruhusiwa kuzima. Chukua riwaya ya 1984 ya George Orwell (ilitoka 1949), ile skrini ya ukutani inayopeleleza watu, kwa Winston, mhusika mkuu, anaweza kuipunguza tu, kuizima hawezi, halafu siku anaenda kwa O'Brien, mkubwa wa chama tawala, jamaa anabonyeza swichi, kimyaa, anasema sisi wakubwa tunayo hiyo haki. Hapo ndo pa kukaa na uandike hata kurasa mbili, maana skrini ni ileile, kilichobadilika ni cheo cha mwenye nyumba.

Kisha uliza ahadi ilikuwa nini na je imetimia. Kwa hili Aldous Huxley na riwaya yake Brave New World (1932) ndo mwenyewe, kwake ahadi imetimia yote, watu wana raha, ukipata huzuni unameza kidonge kinaitwa soma (usicheke), na miaka wanahesabu kuanzia gari la Ford Model T la 1908. Yaani maendeleo hayajafeli hata kidogo, yamefaulu, ila anayehojihoji anahamishiwa kisiwani. Sasa hiyo si chuki ya mashine, ni swali la bei watu wanayolipa kwa hiyo raha.

Nadharia ziache kwanza, zitakupoteza. Andika upya aya ya pili ukianzia kwenye swichi, uibandike hapa tuione.