Laki Nane na Nyumba Tupu: Anzia Chini ya Godoro

"Kaka, nimepata chumba na sebule Kimara. Nimelipa kodi ya miezi sita, dalali kachukua mwezi wake, nimebakiwa na laki nane. Nianze na sofa au kitanda? Fundi wa Keko ananisubiri na advansi."

Ujumbe huu umeingia wiki hii, na wenye swali kama hili ni wengi. Jibu ni kitanda. Tenga nusu nzima ya hiyo laki nane kwa ajili ya kitanda na godoro, na hiyo nusu usiiguse kwa kitu kingine chochote. Sebule itaanza na mkeka na mito miwili, na mgeni anayekupenda atakaa. Mgongo wako ndio hautavumilia godoro bovu, maana kesho alfajiri unaupeleka tena kusimama kwenye mwendokasi.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, tafuta futi ya chuma ya mita 5. Pima mlango mkuu fremu kwa fremu, pima kona ya korido, pima kila ukuta, na uandike soketi ziko wapi. Vyumba vingi vya kupanga hapa mjini ni futi 10 kwa 10, na hapo ndipo watu wanapokwama. Kitanda cha 5 kwa 6 ukiongeza mbao za pembeni kinafika kama futi 5 na inchi 4 kwa upana. Weka kabati la nguo lenye kina cha futi 2 upande wa pili, unabaki na njia ya futi 2 na inchi 8. Unapita, unafungua kabati, unavaa. Sasa chukua 6 kwa 6 kwenye chumba hicho hicho: njia inabaki futi 1 na inchi 8, mlango wa kabati unagonga kitanda kabla haujafunguka. Chora kwa chaki sakafuni ukubwa wa kila kitu unachotaka kununua, kisha tembea humo ndani. Chaki ni bei rahisi kuliko kumbembeleza fundi akubadilishie.

Twende kwenye godoro. Watu huuliza inchi ngapi, na muuzaji anafurahi, kwa sababu inchi zinaonekana na msongamano wa sponji hauonekani. Godoro la inchi 10 lenye sponji nyepesi litafanya bonde mapema kuliko la inchi 8 lenye sponji nzito. Neno "hevi dyuti" kwenye lebo lisikutoshe. Lipime. Godoro la 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.57. Sponji ya kilo 25 kwa kila mita ya ujazo itakupa godoro la kilo 14 hivi, ya kilo 20 itakupa kilo 11 na ushee, ya kilo 30 itafika 17. Kama dukani hakuna mizani, tumia hata ile ya vijana wanaopima watu uzito stendi: simama peke yako, kisha simama umelibeba godoro, toa hesabu. Muuzaji akikataa bidhaa yake kupimwa, nenda duka la pili. Kwa watu wawili wazima usishuke chini ya kilo 14 kwa ukubwa huo. Pesa ikipungua, bora ushuke kwenye ukubwa, uchukue 4 kwa 6 nzito, kuliko kuchukua 6 kwa 6 nyepesi kwa ajili ya kuonekana.

Na lile nailoni lake livue. Linasaidia njiani, hasa masika, lakini kwa joto la Dar jasho haliwezi kutoka, unyevu unabaki ndani na ukungu unaanzia upande wa chini ambao huuoni. Nunua kava la kitambaa lenye zipu, na kila mwisho wa mwezi geuza, kichwani kuje miguuni.

Godoro zuri juu ya chaga mbovu ni hasara ile ile. Hapa ndipo mafundi wasio waaminifu wanapobana mbao, kwa sababu chaga hufunikwa siku ya kwanza na hakuna anayezitazama tena. Kitanda cha futi 6 kinataka chaga 11 za upana wa inchi 4. Ukizipanga sawasawa, nafasi kati ya moja na nyingine inabaki pungufu ya inchi 3, na sponji haizami katikati. Hesabu ya mbao ni nyepesi: ubao wa 1 kwa 4 wenye futi 12 unatoa chaga mbili za futi 5, kwa hiyo mbao 6 zinatoa chaga 12. Kumi na moja zinatumika, moja weka akiba nyuma ya kabati. Ukikuta kitanda kina chaga 6 au 7, umepata sababu ya bei yake kuwa chini. Dai pia mhimili katikati, ubao wa 2 kwa 4 unaotoka kichwani hadi miguuni, wenye tendegu lake linalogusa sakafu. Bila tendegu hilo mhimili wenyewe utapinda.

Mbavu za kitanda zifungwe kwa bolti na nati, siyo misumari. Wewe ni mpangaji, utahama. Kitanda cha misumari kikibomolewa mara mbili matundu yanapanuka, kinaanza kulia usiku kucha.

Mbao gani? Kwa laki nane usisumbuke na mninga wala mkongo. Paini inatosha, hasa kama ni kavu. Mbao mbichi utaijua: ni nzito kuliko mwenzake wa kipimo kile kile, ukiweka kiganja inahisi ubaridi, na ncha zake hazina nyufa ndogo ndogo za kukauka. Ikikaukia ndani mwako itapinda na kuvuta viungo. Halafu kagua bungua. Gongesha ubao sakafuni juu ya karatasi nyeupe. Ukidondosha unga laini wenye rangi ya mbao mpya, wadudu bado wanakula, achana nao hata ukipewa bure, maana watahamia kwenye mlango wa mwenye nyumba. Zile mbao zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa kwa ajili ya kupaulia. Zinadumu, lakini mabaki yake yasiingie jikoni kuwa kuni. Dawa inayotumika mara nyingi humo ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

Sofa sasa, kwa sababu najua hutaacha kuliwaza. Subiri mwezi wa tatu au wa nne, jiunge na mchezo wa kuchangiana pesa kazini, lakini usiende kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa ajili ya kitu cha kukalia. Nasema hili kwa uchungu. Kuna nyumba ambazo sofa lilibebwa na mkopeshaji likiwa bado linanuka gundi.

Ukishafika Keko na pesa yako, agiza kwa masharti. Lipa kwa awamu tatu: ya kwanza ya mbao, ya pili ukiona fremu ikiwa uchi, ya mwisho ukilikalia. Hiyo ya katikati ndiyo ya maana. Fika kabla kitambaa hakijapigwa. Tikisa fremu kwa kushika kona moja ya mbele ya sofa na kuiinua: mguu wa mbele wa upande wa pili ukichelewa kuinuka, viungo vimelegea. Tazama mgongo kama umezibwa kwa boksi badala ya ubao au mikanda. Tazama chini ya makalio: iwe mikanda ya kuvutika iliyosukwa kama mkeka, siyo gunia lililogongomelewa. Mito ya kukalia iwe na zipu ili uone sponji ni kipande kimoja cha inchi 4 au 5, kwa sababu vipande vilivyokusanywa vinahamia pembeni ndani ya wiki chache. Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi ya advansi, pamoja na aina ya mbao na tarehe.

Kitambaa, chagua cha kufumwa. Ngozi bandia inang'aa dukani, ila joto na jasho la mji huu huibambua, ikianzia pale kichwa kinapoegemea, na ikishaanza hakuna dawa. Kama unataka la umbo la L, lazima liwe vipande viwili. Kumbuka ile kona ya korido uliyoipima.

Kabati la nguo la mbao za kubandikwa linataka tahadhari moja: maji. Kabla hujaliegemeza ukutani, tazama rangi ya ukuta usawa wa goti. Ikiwa inachubuka na kutoa unga mweupe, unyevu unapanda kutoka chini, na ubao wa nyuma utavimba. Liache inchi 3 kutoka ukutani, liinue inchi 2 kwa miguu ya plastiki ili deki isiliguse. Kwa anayekaa karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, bawaba za bei ya chini hushika kutu haraka. Zipake grisi mapema.

Kuhusu vyombo, Kariakoo inatosha: sufuria tatu, kikaangio, mbuzi ya nazi, kisu kimoja kizuri. Kwa ajili ya mgao wa maji, ndoo mbili za lita 20 na pipa lenye mfuniko unaobana, maana mbu wa dengue huzaliana kwenye maji safi yaliyoachwa wazi ndani ya nyumba. Keko siyo mbali na Kariakoo, kwa hiyo panga vyote vibebwe na kirikuu kimoja safari moja.

Mtungi wa gesi wa kilo 6, upime dukani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake; ongeza 6, ndiyo namba mizani inapaswa kusoma. Ukiunganisha, pakaa povu la sabuni kwenye regulata na ncha za mpira. Mapovu yakivimba, funga. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango, usitegemee dirisha pekee, na usiguse swichi.

Friji iwe ya mwisho. La mtumba linafaa, na Juni hadi Julai watu wengi wa Masaki na Oysterbay wanaohama huuza yao yakiwa mazima. Omba liwashwe angalau saa moja ukiwepo. Banisha noti kwenye mlango, vuta. Ikitoka bila kukaza, jaribu sehemu nyingine kuzunguka mlango wote, kwa sababu raba iliyochoka inakula umeme usiku na mchana. Kwenye kirikuu lisafiri limesimama. Kama lililazwa, lisimamishe hadi kesho yake ndipo uliwashe, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.