Ubavu wa behewa una maandishi mengi: yapi usome kwanza?

Wewe unayeanza ukaguzi wa mabehewa ya mizigo huku Marekani, siku za mwanzo ubavu wa behewa utakuchanganya. Herufi, namba, vibao vyeusi, stika, tarehe juu ya tarehe. Wakongwe watakuambia utazoea tu. Mimi naona kuna njia ya mkato: kila alama, jiulize inamwambia nani, na huyo anatakiwa afanye nini. Ukipata jibu utaelewa pia kwa nini nyingine zimefutwa, na kwa nini nyingine bado zipo ingawa hazina tena msomaji.

Anza na herufi za mwenye behewa. Ni mbili hadi nne, zikifuatwa na namba isiyozidi tarakimu 6. Zikiishia na X, kama GATX au UTLX, mwenye mali si shirika la reli. Mara nyingi ni kampuni ya kukodisha. Usizisome kwa haraka, maana bili inafuata herufi hizo. Behewa likiharibika mbali na kwao, reli iliyo nalo hulitengeneza kwa kanuni za AAR, chama cha mashirika ya reli, kisha inamdai mwenyewe. Ukikosea herufi moja, anadaiwa mtu asiyehusika. Wala usishangae kukuta CNW. Chicago and North Western ilimezwa na Union Pacific mwaka 1995, lakini kumezwa kwa shirika hakufuti rangi iliyoko kwenye mabehewa yake. Vijana wanaochora mabehewa usiku kwa rangi za kupuliza, wengi huruka herufi na namba hizi. Wanajua wakizifunika, karakana itapaka juu ya kazi yao.

Kisha uzito. LT WT ni uzito wa behewa tupu, LD LMT ni mzigo wa juu linaoruhusiwa kubeba. Vijumlishe. Tuseme la ekseli 4 limeandikwa 63,400 na 222,600: jumla ni pauni 286,000, kiwango kilichoenea tangu miaka ya 1990. La zamani zaidi litakupa 263,000. Jumla ikipungua, tafuta nyota kando ya LD LMT. Inakuambia bodi yenyewe haiwezi kubeba kile ambacho magurudumu na ekseli vingeweza. Zamani palikuwa na mstari wa tatu, CAPY, wa uwezo uliokadiriwa tu. Miaka ya 1980 ukaacha kuwa lazima, na sijasikia aliyeulilia.

Tarehe iliyo jirani na uzito mtupu ina asili yake kwenye mbao. Behewa la mbao lilinyonya maji masika, likakauka, likabadilishwa mbao, na kila mara uzito ukasogea. Nauli ilitozwa kwa uzito, kwa hiyo ililazimu lipimwe upya kila baada ya muda, na karakana iliyopima iandike alama yake, mwezi na mwaka. Behewa jipya huandikwa NEW mahali hapo. Chuma kilipochukua nafasi ya mbao, uzito ukatulia na haja ya kupima mara kwa mara ikapungua. Usichanganye tarehe hiyo na BLT, mwezi na mwaka wa kuundwa. Hiyo BLT ina uzito wa kisheria: behewa lililozidi miaka 50 halirudi kazini bila kibali maalumu cha FRA, mamlaka ya serikali ya usalama wa reli.

Sasa ekseli, ambako mabadiliko yanaonekana vizuri kuliko kwingine. Kabla ya beringi za rola, ncha ya kila ekseli ilikaa ndani ya sanduku la chuma lenye kifuniko, ikizunguka chini ya kipande cha shaba. Humo ndani mlisindikwa nyuzi zilizoloweshwa oili, ziguse chuma kinachozunguka na kukilainisha. Nyuzi zikikauka au zikisogea, sanduku linashika moto. Ekseli ikikatika, treni inaanguka. Ndiyo maana ubavuni paliandikwa tarehe ya kusindika upya, mahali, na herufi za reli iliyofanya kazi hiyo. Msomaji alikuwa fundi wa yadi yoyote, hata ya kampuni nyingine kabisa, aliyetaka kujua zamu imefika au bado. Beringi za rola zikashika kasi miaka ya 1960. Za mwanzo nazo zilihitaji grisi, kwa hiyo tarehe ikabaki. Miaka ya 1970 tarehe hizi zikakusanywa, pamoja na za breki, kwenye vile vibao vyeusi vyenye mistari myeupe. Kisha zikaja beringi zisizopakwa grisi zikiwa njiani, na chumba cha grisi kwenye kibao kikakosa kazi. Kwenye behewa la zamani utakiona kitupu. Usihangaike kukijaza.

Breki ni kisa tofauti. Kanuni ya sasa inataka breki ya behewa moja moja ipimwe angalau kila miaka 5, au 8 kwa behewa jipya au lililojengwa upya. Mahali na tarehe ya kipimo viandikwe ubavuni kwa herufi za inchi 2, au vitunzwe kwenye mfumo wa kompyuta. Hiyo “au” ndiyo imebadilisha sura ya mabehewa. Rangi ukutani si ushahidi wa mwisho tena, kwa hiyo ukikuta tarehe iliyopita, angalia kwenye mfumo kwanza kabla ya kulisimamisha. Kwa maoni yangu tumepoteza kitu hapo. Yadi ya mbali, usiku, mtandao ukikata, rangi ilikuwa inasomeka kwa tochi.

Utaona pia doa la njano kwenye mraba mweusi. Mwaka 1978 FRA iliamuru mabehewa yakaguliwe kwa sababu ya aina ya gurudumu iliyokuwa ikipasuka, U-1. Doa la njano lilimaanisha limekaguliwa na halina. Kazi ikaisha, ila hakuna aliyelipwa kwenda kuyafuta madoa.

Ile bamba yenye mistari ya rangi ya bluu, nyekundu na nyeupe ni KarTrak. AAR iliipitisha mwaka 1967 ili mashine kando ya reli zisome namba za mabehewa yanayopita. Lakini mashine ilisoma kwa mwanga, na behewa la mizigo ni mali ya vumbi, matope na masizi. Bamba zilitakiwa kusafishwa, hazikusafishwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango ukaachwa. Miaka ya 1990 ilikuja njia ya redio: vibao viwili vidogo, kimoja kila ubavu, kimshazari, visivyo na betri wala kujali uchafu. Kinabeba utambulisho wa behewa, si habari za shehena. Ukikuta kimevunjika kiripoti, kwa sababu mfumo mzima unaamini behewa lipo pale kilipolisoma mara ya mwisho.

Behewa la tanki peke yake limekataa kuhamia kompyuta kabisa. Jedwali lake la vipimo bado limeandikwa ubavuni, vali ya usalama, unene wa chuma, na mengineyo, kila mstari na mwaka uliopimwa na mwaka wa kupima tena, DUE. Swali ambalo kila mgeni huuliza: mwaka wa DUE umepita na tanki lina shehena ya hatari, nifanye nini? Ulizia lilijazwa lini. Kama ni kabla ya muda kuisha, linaruhusiwa kufika na kumwagwa. Likishamwagwa, lisijazwe tena mpaka lipimwe.