Simu inapata intaneti, kompyuta za Ubuntu zinagoma kusasisha

Swali

Habari za kazi, fundi. Nafundisha kompyuta sekondari moja huku Njombe. Maabara yetu ina kompyuta 18 za mezani, zote Ubuntu 22.04, zimeunganishwa kwa waya. Tangu shule ifunguliwe Januari, nikipiga `sudo apt update` napata «Temporary failure resolving 'tz.archive.ubuntu.com'». Intaneti ipo, maana simu yangu kwenye ruta hiyo hiyo inafungua kila kitu. Wakati wa likizo tulibadilishiwa ruta, tukawekewa ya 4G.

Kuna aliyeniambia niandike nameserver 8.8.8.8 kwenye /etc/resolv.conf. Nikiandika, kosa linaondoka, ila kompyuta chache zinaleta jingine: «Release file is not valid yet, invalid for another 38d». Nikisubiri kidogo nikarudia, mara nyingine inakubali yenyewe. Nikizima na kuwasha, yote yanarudi mwanzo. Mmoja ananishauri nizime ukaguzi wa tarehe kwenye apt, mwingine anasema niweke Ubuntu upya zote 18. Nifuate lipi? Bando letu nalo ni dogo.

Jibu

Mwalimu, usiweke chochote upya. Toleo la 22.04 limeahidiwa masasisho ya kawaida hadi 2027, na kwa unavyoeleza, apt yenyewe, programu ya kushusha masasisho, haina kosa. Una matatizo mawili yaliyoshikana: kompyuta zinauliza majina ya seva mahali ambapo hapana mtu tena, na baadhi yake zimepoteza tarehe. La kwanza ndilo linalolizuia la pili lisijirekebishe.

Tuanze na simu. Simu kufungua kurasa kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba ruta ina intaneti. Hakukuambii kompyuta yako inamuuliza nani. Simu ilipojiunga ilipokea kwa ruta kila kitu: anwani yake, njia ya kutokea nje, na seva ya DNS ya kuuliza majina. Kompyuta nayo hupewa vyote hivyo, lakini inaweza kukipuuza kimoja kwa sababu kuna mtu aliwahi kuiandikia chake kwa mkono. Kaa kwenye mojawapo ya zinazogoma, ikiwa imetoka kuwashwa, upige amri hizi kabla ya kugusa faili lolote:

`ip route`
`ping -c 3 1.1.1.1`
`resolvectl status`

Ya kwanza inapaswa kuwa na mstari unaoanza na «default via», kisha anwani ya ruta mpya. Ruta nyingi za 4G hutumia 192.168.8.1. Ya pili inapima kama pakiti zinatoka nje bila kuhitaji jina lolote. Natarajia zote mbili zikupe majibu mazuri, maana ulipoandika 8.8.8.8, ambayo ni seva ya DNS ya Google, apt ilifika kwenye seva, na isingefika kama njia yenyewe imekatika. Ikitokea kompyuta fulani ina anwani inayoanza na 169.254, hiyo haikupewa anwani na ruta kabisa. Kagua waya na swichi, mambo ya DNS yasubiri.

Jibu lako liko kwenye amri ya tatu. Tafuta mstari wa «DNS Servers» chini ya jina la kadi ya mtandao. Nakisia utakuta anwani ya mtandao wa zamani, kitu kama 192.168.1.10. Maabara za shule nyingi ziliwahi kuwekewa seva ndogo ya kuzuia tovuti zisizofaa, na kila kompyuta ikaelekezwa huko kwa mkono. Ruta imebadilika, mtandao mzima umehamia namba nyingine, lakini kompyuta zinaendelea kubisha hodi kwenye nyumba ya jirani aliyehama. Hakuna wa kuitikia, na baada ya kusubiri, apt inatoa ile «Temporary failure resolving». Neno hilo «temporary» lisikupotoshe: litabaki hivyo hivyo mwaka mzima usiporekebisha.

Sasa kwa nini dawa uliyopewa haidumu. Kwenye Ubuntu, /etc/resolv.conf ni kiungo tu kinachoelekea faili lililoko /run/systemd/resolve, na /run yote huishi kwenye RAM. Umeme ukikatika au ukizima mashine, ulichoandika kimefutika, na systemd-resolved, huduma ya Ubuntu inayotafuta majina, inalitengeneza faili upya ikilielekeza kwake yenyewe, kwenye 127.0.0.53. Ukifungua faili ukakuta namba hiyo usiogope, ndiyo kawaida yake. Ushauri wa kuhariri resolv.conf ni wa enzi za Linux za zamani, na nashangaa unavyoendelea kusambazwa.

Mahali pa kurekebisha ni kwenye NetworkManager, ambayo ndiyo inayosimamia mtandao kwenye Ubuntu ya mezani. Piga `nmcli con show` uone jina la muunganisho wa waya. Kama ni Wired connection 1, basi:

`sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.dns "" ipv4.ignore-auto-dns no`
`sudo nmcli con up "Wired connection 1"`
`resolvectl query tz.archive.ubuntu.com`

Mstari wa kwanza unafuta DNS iliyoandikwa kwa mkono na kuiruhusu kompyuta ipokee ile ya ruta. Wa mwisho ukikurudishia anwani za namba, umemaliza, na kuzima na kuwasha hakutaharibu. Kama anwani ya zamani bado inaonekana, ipekue kwa `sudo grep -r nameservers -A 3 /etc/netplan`; yawezekana fundi aliyepita aliiandika huko. Itoe, kisha `sudo netplan apply`.

Jambo moja la kuzungumza na mkuu wa shule: kama kweli kulikuwa na kichujio cha tovuti, ujue kwamba kwa hatua hii wanafunzi wanabaki bila kichujio. Mkitaka kukirudisha, andikeni DNS ya kuchuja kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta, yaani ile inayogawa anwani kwa kompyuta. Hapo ni sehemu moja ya kubadilisha badala ya 18, na siku ruta ikibadilishwa tena hamtakwama hivi.

Tuje kwenye tarehe. Piga `timedatectl` kwenye moja ya kompyuta zilizolalamika siku 38, kabla ya kurekebisha DNS. Nina hakika itakuonyesha tarehe ya Desemba, na «System clock synchronized: no». Kompyuta hizo betri zake za madabodi zimekufa, ile ya duara ya CR2032, hivyo zikichomolewa kwenye umeme saa ya ndani inasahau. Ubuntu ina huduma ya systemd-timesyncd inayotunza kwenye diski kumbukumbu ya mara ya mwisho ilipopata saa sahihi. Inapowaka na kukuta saa ya madabodi imerudi nyuma kupita kumbukumbu hiyo, inaanzia pale ilipoachia. Kwa hiyo mashine zako ziliamka Januari zikidhani maabara imefungwa jana.

Kazi ya pili ya huduma hiyo ni kuuliza saa halisi kwa ntp.ubuntu.com. Hilo nalo ni jina, na jina linahitaji DNS! Bila DNS hakuna saa. Ulipoandika 8.8.8.8 ukakimbilia apt papo hapo, tarehe ilikuwa bado ya Desemba, na apt ikakuta orodha ya vifurushi iliyosainiwa Januari, yaani siku ambayo kwake haijafika. Ukisubiri dakika chache, timesyncd inajaribu tena, inapata jina, inasogeza saa, na apt inakubali «yenyewe». Utaona pia kwamba lawama huwa kwenye jammy-updates, jammy-backports na jammy-security (jammy ni jina la toleo la 22.04). Orodha ya jammy yenyewe ilifungwa Aprili 2022 toleo lilipotoka, kwa hiyo kwa mashine iliyoko Desemba hiyo ni ya zamani na haina shida.

Ukirekebisha DNS, sehemu kubwa ya tatizo hili inaondoka bila wewe kufanya lolote. Hakikisha tu huduma imewashwa kwa `sudo timedatectl set-ntp true`, na baada ya dakika chache `timedatectl` ikujibu «yes». Ikikataa na DNS ni nzima, huenda mtandao unazuia UDP mlango wa 123, ambao maswali ya saa hupitia. Hapo weka saa kwa mkono, na kumbuka mashine inahesabu kizungu: saa tatu na robo asubuhi ni 09:15. Nunua betri mpya kwa zile chache zilizoathirika; kuzibadilisha ni kazi ya bisibisi, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Kuzima ukaguzi wa tarehe nakukatalia kabisa. Ukaguzi huo upo ili mtu aliye katikati ya mtandao asikupe orodha za zamani kana kwamba ni mpya. Na hata ukiuzima, saa mbovu inaweza kukuletea makosa ya vyeti kwenye tovuti za https. Utakuwa umenyamazisha apt peke yake.

Kuhusu bando: kompyuta 18 zenye toleo moja zikishusha vifurushi vile vile kila moja kivyake, mnalipia data ileile mara 18. Chagua moja iliyo imara, ipe anwani isiyobadilika kwenye ruta, tuseme 192.168.8.20, uiwekee programu ya kuhifadhi vifurushi kwa `sudo apt install apt-cacher-ng`. Kwenye nyingine 17 tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari huu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.8.20:3142";`

Kompyuta ya kwanza kuomba kifurushi itakivuta kutoka nje, zinazofuata zitakichukua hapo hapo maabara kwa kasi ya waya. Maghala ya kawaida ya Ubuntu hutumia http, kwa hiyo yanapita bila shida. Yale ya https uliyoongeza mwenyewe hayatahifadhiwa, na yanaweza hata kukataa kupita hadi uyaruhusu kwenye mipangilio ya apt-cacher-ng. Fanya kwanza kwenye kompyuta mbili, uone zinakwenda, ndipo uendelee na zilizobaki. Na iandike mahali walimu wenzako wataona kwamba ile ya 192.168.8.20 ikiwa imezimwa, zote zitasema «Could not connect to 192.168.8.20:3142», wasije wakaanza tena kuhangaika na DNS.