Kupima umri wa seli baada ya kujifungua: dada wa Tororo, usiteme mate kwenye hicho kichupa!

Kama hela hujatuma, usitume. Kama umeshatuma, mpigie huyo wakala sasa hivi udai zirudi. Salamu tutapeana baadaye.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Una kichanga, umesikia kila mimba inazeesha seli, na kuna mtu wa Kampala anakuuzia kipimo cha mate kinachopelekwa ng'ambo ili ujue "umri halisi wa mwili". Wa kwangu pia alitoka Kampala. Shati limenyooshwa, sauti ya pole, udaktari hana. Alinikuta dukani Busia nimekaa juu ya robota la vitenge nanyonyesha, akasema, "Mama, unaonekana umechoka sana." Mwenye kichanga gani haonekani amechoka?

Nikamtumia zaidi ya shilingi milioni moja kwa simu, na ya kutolea juu. Majibu yakaja: kuzaliwa miaka 33, mwili miaka 41. Usiku ule nilijikagua kwenye kioo kama mtu anayekagua noti bandia.

Hela hiyo ningeisahau. Kilichoniumiza ni ushauri uliofuata. Aliniambia kunyonyesha ndiko kunakonimaliza, niache, nimeze vidonge vyake vya kurudisha ujana. Nikaacha, mtoto hajafika hata miezi 5. Maziwa ya kopo, maji yetu haya, chupa unaiosha huku mteja anakuita: mtoto akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, tukalazwa, akawekewa dripu kichwani kwa sababu mkononi mshipa haukuonekana. Mkunga mmoja pale wodini ndiye aliyenifungua macho. Mama akinyonyesha maziwa yake pekee mchana na usiku, hedhi haijarudi na mtoto yuko chini ya miezi 6, kinga ya mimba hapo ni takriban asilimia 98. Mimi kinga hiyo niliivunja mwenyewe, na nyingine sikuwa nimeweka. Kumbe wakati ananieleza hayo, mimba ilikuwa imeshaingia. Sasa nina wawili wanaogombania mgongo mmoja, na yule bwana bado anatuma picha za wateja wake "waliorudi ujana".

Sasa sikia ambacho hakuniambia. Vipimo hivi husoma alama ndogo za kemikali, methili, zilizobandikwa kwenye DNA, yale maelezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Hesabu inayogeuza alama hizo kuwa miaka huitwa "saa". Saa ya mtafiti Steve Horvath ya 2013, inayojulikana kuliko zote, husoma sehemu 353 za DNA. Alama hizo husogea mwili ukiwa taabani, kisha nyingine hurudi. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Harvard na Duke, Marekani, walionyesha kwamba umri unaosomwa na saa hizi hupanda wakati wa mimba, hufika kileleni karibu na kujifungua, halafu hushuka. Wazee waliovunjika nyonga wakakimbizwa kwenye upasuaji wa dharura, wao ulipanda ndani ya siku moja na ndani ya wiki ukawa umerudi. Waliofanyiwa upasuaji wa nyonga uliopangwa mapema haukupanda vile. Mwaka 2024 watu wa Chuo Kikuu cha Yale nao wakaona unashuka sana miezi mitatu baada ya kujifungua, na ulishuka zaidi kwa waliokuwa wakinyonyesha. Zaidi, jamani! Mimi nililipa mtu anikataze dawa ya bure iliyokuwa kifuani mwangu.

Na bado. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba sampuli ileile ikipimwa mara mbili, baadhi ya saa hizi zinaweza kupishana hadi miaka 9. Miaka yangu 8 inaenea humo na chenji inabaki.

Sisemi mimba haina gharama. Huko Cebu, Ufilipino, vijana 1,735 walipimwa, na wasichana waliowahi kushika mimba nyingi zaidi walionekana kuzeeka kidogo zaidi, miezi 2 hadi 3 hivi kwa kila mimba. Kwa wanaume idadi ya mimba walizosababisha haikuonyesha kitu, na hilo halikunishangaza hata kidogo. Lakini hayo ni mambo ya wastani wa kundi kubwa. Mate yako ya wiki hii hayawezi kukuambia kama wewe umepoteza miezi mitatu.

Kwa hiyo umri wa mwili haupimwi ukiwa na mimba au na kichanga. Nitarudia mpaka uchoke: haupimwi ukiwa na mimba au na kichanga! Mtu anayekupima wakati huo anajua namba inaweza kuwa mbaya, na hiyo namba mbaya ndiyo biashara yake.

Kuhusu muda wa kusubiri, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Nenda kituo cha afya cha serikali, uzazi wa mpango huko ni bure. Na vile vidonge vya kurudisha ujana ulivyoulizia? Vyangu vipo kabatini nusu chupa, hata panya hawavitaki.

Huyo wakala akikupigia tena, muulize: mate ya mama mwenye kichanga, namba yake inarekebishwa vipi? Wangu nilipomuuliza alisema mtandao unakatikakatika, akakata simu.