Meno ya chanuo kwenye video ulizotoa kwenye DVD

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mbagala, nahamishia DVD za nyumbani kwenye kompyuta kabla hazijagoma kabisa: harusi ya dada yangu, filamu za Kibongo, na filamu moja iliyoletwa kutoka Marekani. Kila kinachotembea kilikuwa kinatoa mistari kama meno ya chanuo. Nikaweka Deinterlace, yaani kichujio cha kuondoa mistari hiyo, kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, kwa zote. Mistari imeondoka, ila ile filamu ya Marekani imefifia na harusi inakwamakwama. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ulichofanya ndicho wanachofanya wengi wanaonijia: diski tatu tofauti umezipa dawa moja.

Tuanze na harusi. DVD za hapa Tanzania hufuata PAL, mfumo wa picha za TV, na diski ya PAL ina fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, kila fremu mistari 576. Kamera ya video ya wakati ule haikupiga fremu nzima kwa mara moja. Ilipiga mistari ya witiri, kisha sehemu ya 50 ya sekunde baadaye ikapiga ya shufwa, zikasukwa pamoja kama ukili. Hiyo ndiyo intalesi. TV ya chogo ilionyesha nusu moja kisha nyingine, jicho likaona mwendo laini. Skrini ya kompyuta inaonyesha zote mbili kwa pamoja.

Simamisha harusi pale mpiga ngoma anaposhusha mkono. Utaona mikono miwili iliyochanwachanwa: mmoja bado uko hewani, mwingine umeshagusa ngozi ya ngoma. Hakuna kilichoharibika hapo, ni nyakati mbili ndani ya fremu moja. Kwa kila sekunde una nyakati 50, na kwa tiki yako programu imekutolea 25 tu. Kukwamakwama kumetoka hapo. Rudia kwa kichujio cha Bwdif, mpangilio wa Bob, unaogeuza kila nusu kuwa fremu yake, na uhakikishe faili linalotoka lina fremu 50 kwa sekunde. Faili litanenepa kidogo. Likubali, maana ukipunguza tena fremu umerudi ulikotoka. Ukitumia FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, bwdif hutoa nyakati zote bila kuambiwa, lakini kichujio kingine, yadif, usipokiagiza hutoa fremu moja kwa kila nyakati mbili.

Filamu nyingi za Kibongo za miaka ya DVD zilipigwa kwa kamera za video, kwa hiyo mara nyingi dawa ni hiyo hiyo.

Filamu iliyopigwa kwa mkanda wa sinema ni habari nyingine. Sinema ni picha 24 kwa sekunde, kila moja nzima. Ikiwekwa kwenye diski ya PAL huharakishwa kidogo ifike 25, na nusu mbili za kila fremu huwa za wakati ule ule. Ukiziunganisha picha imekamilika, hakuna cha kuondoa. Kichujio kikiwekwa kwa nguvu hapo kinaweza kuchukua mistari 288 ya kweli na kukisia 288 mingine.

Hiyo yako ya Marekani yaelekea ni NTSC, mfumo wa picha za TV wa kule: mistari 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Ili picha 24 zijaze fremu zinazokaribia 30, nusu zake hurudiwa kwa zamu, mbili, tatu, mbili, tatu, hivyo picha nne zikawa fremu tano. Tatu zinatoka safi, mbili zina mchanganyiko wa picha jirani. Hapa usikisie mistari, kwa sababu nusu halisi zote zimo ndani ya diski. Kila nusu inahitaji kurudishwa kwa mwenzake. Zima Deinterlace, washa Detelecine, kichujio cha kazi hiyo, na filamu itoke na fremu 23.976 kwa sekunde. Kwenye FFmpeg ni kichujio cha fieldmatch kikifuatwa na cha decimate. Maandishi madogo na nyuzi za nywele zitarudi.

Utajuaje diski ni ya aina gani? Ifungue kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza D mpaka ioneshe kuwa deinterlace imezimwa, maana VLC yenyewe huficha meno. Tafuta mahali kitu kinapita kwa upande, daladala au mtu anayekimbia, kisha bonyeza E fremu kwa fremu, angalau kumi. Zote safi, acha kama ilivyo. Tatu safi, mbili na meno, zikijirudia: Detelecine. Zote na meno: Bwdif ya Bob.

Jambo moja nakusihi, kwa sababu liliwahi kunigharimu kazi ya mtu: usikuze picha kwenda mistari 1080 kabla ya kuondoa intalesi. Niliwahi kufanya hivyo kwenye video ya msiba, nikafuta faili la kwanza, na diski ikagoma kusoma tena. Meno yakishavutwa na kuchanganyika na mistari ya jirani, hakuna kichujio kinachoyatenganisha. Faili lililotoka moja kwa moja kwenye diski litunze, hata likijaza nafasi.

Ukimaliza harusi, itazame pale wanapocheza. Kama watu wanatetemeka, hatua mbele kisha nyuma, nusu zimepangwa kinyume. DVD nyingi huanza na nusu ya juu, lakini kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera za video, huanza na ya chini, na aliyehamisha kanda huenda hakurekebisha. Badilisha mpangilio huo kwenye kichujio, ujaribu kwa dakika moja tu kabla ya kuendesha zote.