Kabla ya andalio la somo, tunga kisa cha sukari

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa Hisabati darasa la tano. Siku ya kugawanya sehemu nilifundisha kama nilivyofundishwa: geuza sehemu ya pili juu chini, kisha zidisha. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwa nini tunaigeuza?" Nikamjibu, "Ndiyo kanuni yenyewe." Akaketi. Muhula ule hakuuliza tena, nami nikamsifu kwa utulivu, Mungu anisamehe.

Hesabu ile naipata hata usingizini. Maana yake ndiyo sikuwa nayo.

Baadaye nikasoma utafiti wa mwaka 1999 wa Liping Ma, mtafiti wa ufundishaji wa hisabati. Aliwapa walimu wa msingi wa Marekani na China 1¾ ÷ ½, wakokotoe, halafu watunge kisa cha maisha kinachoieleza. Kati ya Wamarekani 23, mmoja tu alitunga kisa chenye maana sahihi. Wengi waligawa kwa mbili badala ya nusu. Wachina 72, karibu wote waliweza. Nikajaribu mwenyewe, nikakwama.

Kilichonikwamua ni sukari. Muuza duka ana kilo moja na robo tatu, anafunga pakiti za nusu kilo. Kila kilo inatoa pakiti mbili, ndiyo maana ½ inageuka kuwa 2. Watoto hufunga pakiti tatu upesi, inabaki robo kilo, na hapo wengi huandika 3¼. Mwalimu mwenye kanuni tu atachora X nyekundu apite. Ila mtoto huyo kahesabu vizuri: robo anayoiona ni ya kilo, swali limeuliza pakiti, na robo kilo ni nusu pakiti. 3½. Kosa kama hilo huwezi kulisahihisha usipojua lilikotoka.

Basi mwalimu mwenzangu, kabla ya kuandika andalio, fanya zoezi lote mwenyewe, majibu ya nyuma ya kitabu usiyaguse, kisha tunga kisa. Kisa kikigoma, kamuulize mwenzako. Aibu ya ofisini ni ya dakika tano. Ukibanwa darasani, sema "sijui, nitakujibu kesho", na kesho uanze na jibu hilo. Vizibo vya soda na vijiti ni zana nzuri, lakini havimfundishi mwalimu.

Binti yule alikuwa keshapanda la sita nilipomwita mapumziko, nikamchorea pakiti vumbini. Akazitazama. "Kumbe ni mbili mbili," akasema, akakimbilia rede.